Mto Rufiji na Bonde Lake

Mto Rufiji ndio mkubwa kuliko mito yote inayotiririka ndani ya Tanzania. Bonde lake lina takriban kilomita za mraba 177,000, karibu moja ya tano ya eneo la Tanzania Bara. Maji yake hutoka milima ya Poroto na Kipengere huko Mbeya na Njombe, nyanda za juu za Iringa, safu za Udzungwa, vilima vya Mahenge na mapori ya kaskazini mwa Songea, kisha huingia Bahari ya Hindi mkabala na kisiwa cha Mafia. Ukiupima tangu vyanzo vya mbali vya Kilombero, mto una urefu wa kilomita 600 hivi.

Jina la Rufiji lenyewe huanza kutumika pale mito ya Kilombero na Luwegu inapokutana, kwenye maporomoko ya Shughuli. Chini ya hapo Ruaha Mkuu huingia kutoka kaskazini-magharibi. Mito hii mitatu haichangii sawa, na anayeangalia ramani tu hawezi kuijua tofauti hiyo. Ruaha Mkuu hukusanya maji kutoka karibu nusu ya bonde zima, asilimia 47, lakini sehemu yake katika maji ya Rufiji ni asilimia 15 hivi. Kilombero, ambao eneo lake halifiki robo ya bonde, huleta asilimia 62. Luwegu, unaopita kwenye pori lenye watu wachache mno, huleta asilimia 18, na kidogo kinachobaki hutoka kwenye vijito vya bonde la chini. Sababu ni mvua na jua. Nyanda za Usangu na maeneo kavu ya kati hupata mvua haba, na maji mengi huishia angani kabla hayajafika mbali. Miteremko ya Udzungwa inayotazama Kilombero hukinga mawingu yatokayo baharini, na misitu yake hutoa vijito visivyokauka mwaka mzima.

Mvua za bonde la juu huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Mei. Kina cha mto hupanda pole pole, hufika kileleni mwezi Aprili, kisha hushuka mpaka Oktoba na Novemba, wakati mchanga wa katikati ya mto unapoonekana na mamba wanapoota jua juu yake. Kwa wastani wa mwaka, karibu mita za ujazo 800 za maji zilikuwa zikipita kila sekunde kwenye korongo lililo chini ya makutano ya mito hiyo mitatu, lakini wastani huo hauelezi mengi. Wakati wa mafuriko makubwa hupita maelfu kadhaa. Rufiji ni mto wa mafuriko, na kila kilichofanywa kandokando yake, kuanzia jaruba la mpunga hadi bwawa la umeme, kimefanywa kwa kuyategemea mafuriko hayo au kwa kuyazuia.

Ruaha Mkuu

Vijito vinavyoshuka kutoka Poroto na Kipengere hukutana kwenye tambarare ya Usangu, wilayani Mbarali, na kutandaa katika kinamasi cha Ihefu. Katika mwisho wa kinamasi hicho, mahali paitwapo Ng'iriama, kuna mwamba uliokingama kama kizingiti cha mlango. Maji ya Ihefu yakiwa juu ya mwamba, mto hutoka na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Yakishuka chini yake, mto hukatika hapo hapo, hata kama ndani ya kinamasi bado kuna maji ya kutosha viboko na ndege. Umbile hilo dogo la ardhi ndilo linaloeleza kwa nini upungufu usio mkubwa sana huko Usangu huweza kuukausha mto kwa kilomita nyingi upande wa chini.

Mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, jambo ambalo halikuwa limezoeleka, na tangu hapo umekuwa ukikatika karibu kila mwaka kwa wiki kadhaa au miezi. Viboko hubanana kwenye madimbwi yanayozidi kuwa matope, samaki hufa, na wanyama wengine hulazimika kutembea mbali kutafuta maji. Chanzo kikubwa kinajulikana. Kilimo cha mpunga wa umwagiliaji Usangu kilipanuka kwa kasi kupitia mashamba makubwa kama Mbarali na Kapunga na pia kupitia mamia ya mifereji ya wakulima wadogo. Maji yanayochepushwa kwenye mabanio wakati wa masika hayana madhara makubwa, kwa kuwa mto una mengi. Yanayoumiza ni yale yanayoendelea kuchepushwa Agosti hadi Novemba, wakati hakuna mpunga shambani na maji yanazagaa tu kwenye mifereji.

Lawama nyingi ziliangukia wafugaji. Mwaka 2006 serikali iliwaondoa Usangu pamoja na ng'ombe wao, na mwaka 2008 pori la akiba la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wengi wa wafugaji hao walielekea kusini na mashariki, wakaingia Kilombero, Rufiji na Lindi, ambako migogoro ya malisho na mashamba iliongezeka. Tatizo lilihamishiwa sehemu nyingine ya bonde lile lile.

Chini ya hifadhi kuna mabwawa mawili ya umeme. Kidatu, lenye mitambo ya megawati 204, lilianza kuzalisha mwaka 1975. Mtera lilijengwa upande wa juu wa mto ili kuhifadhi maji ya masika kwa ajili ya Kidatu, na baadaye likawekewa mitambo yake ya megawati 80. Kwa miaka mingi mabwawa haya ndiyo yaliyobeba gridi ya Taifa, na nchi ilipoingia katika mgao wa umeme miaka ya 1990, vidole vilielekezwa kwa wakulima wa Usangu. Hoja hiyo ina kasoro. Mtera hujazwa na maji ya masika, wala si na yale machache ya kiangazi ambayo wakulima huyachepusha. Watafiti waliochunguza kumbukumbu za mabwawa walionyesha kwamba namna maji yalivyotolewa Mtera ilichangia upungufu huo. Mkulima wa Usangu ana la kujibu kuhusu hifadhi ya Ruaha, lakini giza la miaka ile halikuwa lake peke yake.

Kilombero

Bonde la Kilombero limekaa kati ya ukuta wa Udzungwa na milima ya Mahenge. Wakati wa masika sehemu kubwa ya sakafu yake huwa ziwa. Mwaka 2002 ardhioevu hii ya kilomita za mraba zipatazo 7,900 iliingizwa katika orodha ya maeneo yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Hapa ndipo palipokuwa na swala aina ya sheshe wengi kuliko mahali pengine popote duniani, ingawa idadi yao imeshuka sana kadiri mashamba na mifugo vilivyosogelea mto. Wandamba ndio wenyeji wa majini: wavuvi na mabingwa wa mitumbwi, waliolima mpunga kwa kufuata kupanda na kushuka kwa maji. Pembeni kuna mashamba ya miwa karibu na Kidatu, na reli ya TAZARA inayopita Ifakara na Mlimba kabla ya kuanza kupanda kuelekea Makambako.

Ifakara, mji mkuu wa bonde hili, ilikuwa kwa miongo mingi mwisho wa barabara wakati wa mvua. Kwenda Mahenge na Malinyi kulitegemea kivuko, na kivuko kilitegemea hali ya mto. Daraja la kudumu, linaloitwa Daraja la Magufuli, lilifunguliwa mwaka 2018. Mji huo pia una jina kubwa katika sayansi ya malaria. Utafiti ulioanza kwenye maabara ya Waswisi katika miaka ya 1950 ulikua ukawa taasisi ya Kitanzania inayofahamika duniani kote, na haikuwa bahati kwamba ilianzia mahali ambapo mafuriko huacha mazalia ya mbu kila mwaka.

Kati ya vijito vinavyoingia Kilombero kutoka Udzungwa, mmoja unastahili kusimuliwa kwa urefu. Mto Kihansi huanguka zaidi ya mita 800 kwenye genge, na mwishoni mwa karne ya 20 anguko hilo lilionekana kuwa hazina ya umeme: maji machache, kimo kikubwa, bwawa dogo. Mitambo ya megawati 180 ilikamilika mwaka 2000. Wakati ujenzi ukiendelea, mwaka 1996, wataalamu waligundua chini ya maporomoko chura mdogo wa rangi ya manjano ambaye hakuwa akijulikana. Aliishi kwenye nyasi zilizoloweshwa daima na manyunyu ya maporomoko, katika eneo la hekta chache tu, na jike lake huzaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yalitoweka. Mabomba ya kunyunyizia maji yalifungwa ili kuiga hali ya zamani, na vyura wapatao 500 walipelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani. Mwaka 2003 waliobaki gengeni walikufa karibu wote, kwa ugonjwa wa ukungu pamoja na mabadiliko ya makazi yao. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini. Wazao wa wale waliopelekwa Marekani walianza kurudishwa Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaachiwa tena gengeni. Ni mfano mmoja kati ya michache sana duniani wa amfibia aliyerudishwa nyumbani baada ya kutoweka huko, na kuendelea kwake kuishi kunategemea maji ambayo mitambo hulazimika kuyaacha yapite.

Bonde la chini na kilimo cha mlau

Baada ya mito mitatu kuungana, Rufiji hubanwa kwenye korongo lenye kuta za mawe. Korongo hilo liliitwa kwa jina la Stiegler, mpima ardhi wa enzi ya Wajerumani anayesimuliwa kuwa aliuawa na tembo hapo mwaka 1907. Ukitoka korongoni, mto hupoteza kasi na kupata uhuru. Hujipinda, huacha mikondo ya zamani, hujenga visiwa vya mchanga na kuvibomoa, na kando yake huacha maziwa kama Tagalala, Manze na Nzerakera ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, halafu Mtanza, Zumbi, Utunge na Ruwe karibu na vijiji. Mafuriko ndiyo yanayoyajaza maziwa haya na kuyapandikizia samaki. Mwaka ambao maji hayakufika ziwani, mavuno ya kambale na perege hupungua hata kama mtoni kwenyewe samaki wapo.

Warufiji, pamoja na Wandengereko wanaoishi zaidi kwenye miinuko ya kaskazini, walibuni kilimo kinachokwenda na mwendo huo. Mpunga hupandwa kwa mvua za Desemba na Januari, ukiwa na muda wa kuota na kupata nguvu kabla ya mto kutapika mwezi Machi au Aprili. Maji yakipanda taratibu, mpunga hurefuka nayo. Yakija mapema au kwa ghafla, huzama. Mavuno huwa Juni na Julai. Maji yanapoondoka huacha udongo mpya wenye unyevu, na hapo hufuata kilimo cha mlau: mahindi, kunde, maboga, na zamani pamba, hupandwa kwenye tope linalokauka na kukomaa bila tone la mvua. Familia yenye mashamba kwenye vimo mbalimbali, moja bondeni kabisa, jingine kwenye ukingo, jingine juu mlimani, ilikuwa na nafasi nzuri ya kupata chakula mwaka wowote: penye ukame bonde lilizaa, na penye gharika mlima ulizaa. Hii ni akili ya kilimo ya hali ya juu, na wapangaji wengi wa maendeleo walichelewa mno kuiona.

Nyumba ya kilimo hiki ni dungu. Ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, chenye sakafu ya fito, paa la nyasi au makuti na ngazi ya kupandia. Kutoka juu, watoto na kina mama hufukuza kweleakwelea mchana kwa kelele na kwa kuvuta kamba zilizofungwa vitu vya kugongana. Usiku zamu ni ya wanaume, kwa sababu ya nguruwe pori na viboko. Maji yanapofunika shamba, mtumbwi hufungwa kwenye nguzo chini ya ngazi, na shughuli za nyumbani huendelea juu. Dungu halikuwa la ndege peke yake. Lilimwezesha mkulima kukaa ndani ya mafuriko badala ya kuyakimbia.

Mwaka 1968 maji yalipanda kupita kiasi na kuharibu mazao. Serikali ikaanzisha Operesheni Rufiji, iliyowahamisha watu wa bondeni kwenda vijiji vipya kwenye miinuko, hasa ukingo wa kaskazini. Ilikuwa miongoni mwa operesheni za mwanzo kabisa za kuhamisha watu kwenda vijiji vya ujamaa. Shule, zahanati na visima vilikuwa rahisi zaidi kupatikana huko juu. Ardhi yenye rutuba ilibaki chini. Wakulima wakajikuta wakitembea masafa marefu kwenda mashambani, au wakihamia kwenye madungu kwa miezi kadhaa na kuwaacha watoto kijijini kwa ajili ya shule. Utaratibu huo wa makazi mawili haujaisha.

Delta na mikoko

Karibu na bahari mto hugawanyika katika mikondo mingi. Simba Uranga, Kikunya, Kiomboni na Msala ni baadhi ya milango yake. Mgawanyo wa maji kati ya mikondo hiyo haudumu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji baridi ilihamia upande wa kaskazini, mashamba ya mpunga ya kusini yakaanza kuingiwa na chumvi, na kaskazini watu wakafyeka mikoko ili kulima mahali ambapo zamani palikuwa na maji ya chumvi.

Mikoko ya delta ya Rufiji imetanda hekta zipatazo 53,000 na ni miongoni mwa misitu mikubwa ya aina hiyo katika Afrika ya Mashariki. Wenyeji hawaiiti mikoko yote kwa jina moja, kwa kuwa kila mti una kazi yake. Mkoko wenye mizizi iliyoinuka, msinzi na mkandaa hutoa nguzo na boriti, na magome yake hutumika kutia rangi ngozi na nyavu. Mkomafi hutumiwa na mafundi wa vyombo vya baharini. Mchu huota hadi nchi kavu. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja na pepo za kaskazi kutoka Ghuba na Oman yakiwa na tende, samaki wakavu na mazulia, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti. Arabuni, kusiko na misitu, boriti za Rufiji na Lamu zilibeba dari za nyumba, na urefu wa mti ndio uliopima upana wa chumba: vyumba vya nyumba za kale za mwambao na za Ghuba ni virefu lakini vyembamba, karibu mita tatu tu, kwa kuwa boriti haikuweza kuvuka nafasi kubwa zaidi bila kupinda. Wajerumani waliiweka mikoko hii chini ya usimamizi wa serikali mwaka 1898.

Faida nyingine ya mikoko haionekani kwenye shehena. Kamba wadogo hukulia kati ya mizizi yake, na sehemu kubwa ya kamba wanaovuliwa Tanzania Bara hutoka kwenye maji ya mbele ya delta. Rutuba inayotoka mtoni huenea hadi mlango wa bahari wa Mafia, ambako papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huja kula viumbe vidogo vya baharini karibu na Kilindoni. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar. Ukataji wa mikoko kwa ajili ya mkaa, mbao na mashamba ya mpunga unaendelea hata hivyo, na kila mkondo unaopoteza miti yake hupoteza pia kamba na ukuta wa kuzuia mawimbi.

Mto katika historia

Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza baada ya Kristo kinataja Rhapta, soko la mwisho la pwani ya Azania, palipopatikana pembe za ndovu. Mahali pake hapajathibitishwa, lakini mwanaakiolojia Felix Chami amelihusisha na eneo la Rufiji, na katika uchimbaji wake Kibiti alipata shanga za kioo za wakati wa Warumi. Hata kama mji wenyewe haujapatikana, shanga hizo zinatosha kuonyesha kwamba watu wa bonde la Rufiji walishiriki biashara ya Bahari ya Hindi karibu miaka 2,000 iliyopita.

Mwaka 1904 na 1905 jina la mto huu lilienea kusini yote ya Tanganyika. Serikali ya Wajerumani ililazimisha vijiji kulima pamba kwenye mashamba ya pamoja, kwa ujira usiostahili jasho la watu. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kusini ya mto, alisimuliwa kuwa alizama katika kidimbwi, akachukuliwa na pepo Hongo, na akatoka siku ya pili akiwa mkavu. Alitoa maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na punje za mtama, akaahidi kwamba yatawakinga watu na risasi, na akahubiri kwamba makabila yote ni ndugu. Watu walimiminika Ngarambe kutoka mbali. Mwisho wa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Matumbi, watu waling'oa pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti, lakini vita viliendelea hadi 1907. Wajerumani walichoma ghala na mashamba, na njaa iliua wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa hutofautiana kati ya 75,000 na 300,000. Nchi zilizobaki tupu ziliachiwa wanyama na mbung'o, na sehemu yake baadaye ikawa Pori la Akiba la Selous. Anayesifu upana wa pori hilo anapaswa kujua kwamba sehemu yake ilikuwa makazi ya watu.

Vita Kuu ya Kwanza ilifika mtoni kwa njia ya bahari. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha katika delta. Ilihitaji ukarabati, na sehemu za mitambo yake zilikokotwa na wapagazi wa Kiafrika hadi Dar es Salaam na kurudishwa. Waingereza waliifunga milango ya delta, wakaiteka Mafia na kurusha ndege kutoka huko, na hatimaye wakaleta Severn na Mersey, meli bapa zenye mizinga mikubwa zilizoweza kuingia kwenye maji mafupi. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ilishindwa, na nahodha wake Max Looff akaizamisha mwenyewe. Mizinga yake 10 iliopolewa na kutumika nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria. Mapema 1917 mvua na mafuriko ya Rufiji yalikwamisha majeshi ya pande zote, na waliokufa kwa wingi zaidi walikuwa wapagazi, kwa njaa na maradhi.

Kwa miaka mingi baada ya vita, mto uliitenga mikoa ya Lindi na Mtwara. Mabasi na malori yalipanga foleni kwenye pantoni ya Ndundu, na mafuriko yalipokuja yalisimama kabisa. Tarehe 2 Agosti 2003 Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa karibu na Ikwiriri. Bei za korosho, samaki na saruji kusini haziwezi kuelezwa bila kulitaja.

Bwawa la Julius Nyerere

Wazo la kuziba korongo ni la zamani. Lilichunguzwa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa katika miaka ya 1950, likasanifiwa na Wanorwe katika miaka ya 1970 na 1980, na mwaka 1975 ikaundwa mamlaka ya kuendeleza bonde, RUBADA. Fedha hazikupatikana. Serikali ya Rais John Magufuli iliamua kulijenga kwa fedha za nchi. Mkataba na kampuni za Misri ulitiwa saini Desemba 2018, jiwe la msingi likawekwa Julai 2019, na Rais Samia Suluhu Hassan akazindua ujazaji wa maji tarehe 22 Desemba 2022. Mtambo wa kwanza uliingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, na yote tisa, kila mmoja wa megawati 235, ilikamilika mwaka 2025. Jumla ni megawati 2,115, zaidi ya uwezo wa mitambo yote iliyokuwa kwenye gridi kabla yake. Ukuta una urefu wa zaidi ya kilomita moja na kimo cha mita 130 hivi.

Kwa nchi iliyozoea kukatikiwa umeme, faida yake ni ya wazi. Gharama zake ziko pande mbili. Selous, iliyo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1982, ilikuwa imeingizwa kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini mwaka 2014 kwa sababu ya ujangili. Tembo wake walikuwa zaidi ya 100,000 katika miaka ya 1970, wakabaki kama 13,000 mwaka 2013. Sehemu yake ya kaskazini ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, na ndani yake maji ya bwawa yamefunika msitu na mbuga.

Upande wa pili ni wa watu wa chini ya bwawa. Ukuta huzuia tope, na tope hilo ndilo lililorutubisha mashamba ya mlau na kuijenga delta. Mto usio na tope hula kingo zake, na bahari husogea ndani. Mafuriko nayo sasa yako mikononi mwa wanaoendesha milango ya bwawa. Aprili 2024, baada ya mvua kubwa, maji ya ziada yalifunguliwa huku mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti yakiwa yamefunikwa na maji. Serikali ilieleza kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Mkulima aliyezamiwa na mpunga wake alihitaji taarifa ya mapema kuliko maelezo ya baadaye.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua kwamba mto wenyewe una haki ya kutengewa maji baada ya mahitaji ya majumbani. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao Iringa, na waendeshaji wa bwawa wana uwezo wa kufungulia maji kwa mpangilio unaofanana na mafuriko ya asili: yakipanda taratibu Machi, yakifika maziwani Aprili, yakiondoka Mei. Megawati zitakazopotea kwa kufanya hivyo ni bei ndogo kwa mpunga, samaki na kamba wa wilaya mbili na kwa uhai wa delta. Warufiji hupanda Desemba. Ratiba ya maji ya mwaka inapaswa kutangazwa vijijini kabla ya hapo.